Sura ya Saba: Bata Mzinga wa Siku ya Shukrani

Mtu anayejua kuoka kuku anajua pia kuoka bata mzinga. Tofauti yao ni siku. Bata mzinga anataka atolewe kwenye friza mapema, ayeyuke taratibu, alale na chumvi usiku kucha, kisha aingie kwenye oveni akiwa amekauka ngozi. Familia nyingi humkumbuka Jumatano jioni, akiwa bado barafu tupu, na Alhamisi mchana wageni wanakaa mezani mbele ya kidari kilichokauka na paja ambalo ndani bado ni bichi. Mpishi anajilaumu kwamba hajui kuoka. Anajua sana. Alichokosa ni siku tatu za maandalizi.

Sura hii ni ya familia zetu zilizohamia Marekani: Wakenya wa Minnesota na Texas, Watanzania wa Houston na vitongoji vya Washington, Wakongo waliokaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kupelekwa Kentucky, Iowa au Arizona. Watoto ndio huwa wa kwanza kuleta habari nyumbani. Novemba wanarudi kutoka shule na karatasi waliyochorea bata mzinga kwa kuzungushia penseli kiganja chao: kidole gumba ni kichwa, vidole vinne ni mkia. Kisha wanauliza kama na kwao atakuwepo mezani. Swali hilo linastahili jibu zuri, na jibu lenyewe linaanza na kuijua siku.

Siku yenyewe

Siku ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Bunge la Marekani ndilo lililoweka hivyo kwa sheria ya mwaka 1941. Kabla ya hapo marais waliitangaza mwaka hadi mwaka, desturi iliyoota mizizi tangu Abraham Lincoln alipotoa tangazo lake mwaka 1863, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliyemsukuma ni Sarah Josepha Hale, mhariri wa jarida la Godey's Lady's Book, ambaye kwa miaka mingi aliwaandikia viongozi barua akidai taifa zima liwe na siku moja ya kushukuru. Katika riwaya yake Northwood, ya mwaka 1827, alikwisha kuieleza meza ya siku hiyo, na bata mzinga wa kuokwa amewekwa mahali pa heshima.

Kisa wanachofundishwa watoto ni cha mwaka 1621, huko Plymouth, Massachusetts. Wahamiaji kutoka Uingereza walisherehekea mavuno yao ya kwanza pamoja na Wawampanoag wapatao 90 waliofika na kiongozi wao Massasoit. Edward Winslow, aliyekuwepo, aliandika barua inayotaja ndege waliowindwa na kulungu watano walioletwa na wageni hao. Bata mzinga hakumtaja kwa jina. Wawampanoag nao wana kumbukumbu yao ya yaliyofuata, nayo ni ya maradhi, vita na kunyang'anywa ardhi. Tangu 1970, wao na wenyeji wengine wa asili hukutana Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aambiwe yote mawili. Nyumba iliyowahi kufukuzwa kwao haitashindwa kumweleza jinsi siku moja inavyoweza kubeba shukrani na msiba kwa pamoja.

Ndege mwenyewe ni mzaliwa wa bara hilo. Watu wa Mexico walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania ndio waliomvusha bahari hadi Ulaya katika karne ya 16. Anayejaa madukani leo ni wa manyoya meupe, aliyeteuliwa kizazi baada ya kizazi ili apanuke kifua. Umbo hilo ndilo chanzo cha taabu yote ya jikoni: kidari ni kinene, hakina mafuta na hukauka upesi, ilhali mapaja yana mishipa na huchelewa kuiva. Kila utakachosoma hapa chini kinalenga kuwapatanisha hao wawili.

Dukani

Anza na hesabu ya watu. Kila mlaji mhesabie paundi moja hadi moja na nusu, kwa sababu uzito ulioandikwa umejumlisha mifupa. Watu kumi wanatosheka na ndege wa paundi 12 hadi 14, yaani kilo tano na nusu hadi sita na kitu. Mkiwa ishirini, nunua wawili wa paundi 12 badala ya mmoja wa 24. Wadogo huyeyuka haraka, huiva sawasawa, tena kila mmoja unaweza kumtia viungo vyake. Kabla hujatoka nyumbani, pima upana wa oveni na nafasi ya friji, kwani oveni za fleti nyingi ni finyu.

Walioganda ndio rahisi kwa bei. Maduka makubwa mengi huwauza karibu na bure mwezi huo ili kuwavuta wateja, na mengine humpa bure mteja aliyefikisha kiasi fulani cha manunuzi. Mnunue mapema, umtie kwenye friza, usubiri. Aliye fresh anunuliwe siku moja au mbili kabla ya kupikwa, si zaidi. Makanisa, misikiti na benki za chakula pia hugawa bata mzinga Novemba. Familia iliyofika karibuni isione haya kuuliza, maana wamewekwa kwa ajili yao.

Kabla ya kulipa, geuza mfuko usome maandishi madogo. Wengi wamedungwa maji yenye chumvi kiwandani, na sheria inataka hilo liandikwe pamoja na asilimia yake. Huyo ameshakolea, na ukimtia chumvi nyingine kama kawaida, hataliwa. Kama duka lina ambaye hakudungwa, mchukue huyo. Tangazo kwamba ndege hakupewa homoni lisikutoe hela zaidi: sheria za Marekani zinakataza homoni kwa ndege wote wafugwao, basi wote wako sawa kwa hilo.

Waislamu wana bucha za halali katika miji mingi yenye jamaa zao, lakini bata mzinga wa halali hawajazani kama kuku. Toa oda mwanzoni mwa Novemba, uulize mchinjaji ni nani na ndege ni wa paundi ngapi. Na nyumba yenye watu watatu au wanne haina haja ya ndege mzima. Vidari na mapaja huuzwa peke yake, na hupikwa kwa njia hizihizi.

Kumyeyusha

Katika friji, ndege aliyeganda huyeyuka kwa kiasi cha saa 24 kwa kila paundi nne hadi tano. Wa paundi 12 hadi 14 anahitaji siku tatu kamili. Kwa hiyo ahamishwe kutoka friza hadi friji Jumapili asubuhi. Mweke na mfuko wake juu ya trei yenye kingo, kwenye rafu ya chini kabisa, ili maji yanayomtoka yasidondokee matunda na mboga.

Ukichelewa, kuna njia ya maji. Mzamishe akiwa ndani ya mfuko usiovuja kwenye sinki au ndoo ya maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, na uhesabu dakika 30 kwa kila paundi. Wa paundi 12 atachukua saa sita, na akishayeyuka apikwe papo hapo.

Jambo la kuepuka ni kumwacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Kwetu kuku alichinjwa asubuhi akaliwa mchana, kwa hiyo meza haikuwa na hatari. Ndege huyu mkubwa akiachwa mezani, nje anapata joto saa nyingi wakati moyoni bado ni barafu, na vijidudu vinavyosababisha kuharisha na kutapika hupata muda wa kuzaliana kwenye ngozi na nyama ya juu.

Desturi mbili za jikoni mwetu

Desturi ya kwanza ni kuosha nyama. Mama zetu walituzoesha kuiosha mpaka maji yawe meupe, na kwa kuku aliyetoka kunyonyolewa uani ilikuwa lazima. Ndege wa dukani hapa ameshasafishwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri asioshwe, kwa sababu maji ya bomba yanapogonga ngozi yake hurusha matone yenye vijidudu hadi kwenye sinki, vyombo na saladi iliyo kando. Moto wa oveni ndio unaoviua. Mpanguse tu kwa karatasi za jikoni hadi akauke, kisha osha mikono na sinki kwa sabuni. Moyo ukikataa kuacha ndimu, mpake ndimu ndani ya trei, bila kufungua bomba.

Desturi ya pili ni kuchemsha kwanza. Kuku wa kienyeji aliyetembea mwaka mzima, au bata mzinga wa kijijini aliyezeeka akilinda uwanja, hafai kuokwa bila kuchemshwa, meno yatashindwa. Ukienda likizo nyumbani ukapewa huyo, mchemshe bila wasiwasi. Wa dukani Marekani ni mchanga, kwa kawaida amechinjwa akiwa na miezi minne au mitano hivi. Nyama yake ni laini tangu mwanzo. Ukimchemsha, utamu wote unabaki kwenye sufuria na kidari kinakuwa nyuzinyuzi.

Kumpasua na kumtia chumvi

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kumlaza ndege akiwa amepasuliwa mgongoni. Mwandishi wa mapishi J. Kenji López-Alt ndiye aliyeieneza sana kwa bata mzinga, ingawa wachoma kuku wa kwetu wamekuwa wakimtanua kuku hivyo juu ya mkaa tangu zamani. Akiwa amelala bapa, mapaja yanapata moto sawa na kidari na hayajifichi tena chini.

Jumatano asubuhi mtoe kwenye mfuko. Tia mkono ndani, tumboni na upande wa shingo, utoe shingo na kifuko chenye firigisi, moyo na maini. Wengi hukisahau humo. Mlaze kifudifudi, mgongo juu. Chukua mkasi wa jikoni ulio imara, uanzie mkiani, ukate kandokando ya uti wa mgongo hadi shingoni, kisha urudie upande wa pili. Penye kiungo cha paja utakutana na mfupa mgumu. Sogeza mkasi kidogo utafute upenyo, ukaze mkono. Uti wa mgongo ukitoka, mgeuze, weka viganja viwili katikati ya kidari, uelemee kwa uzito wako. Utasikia mfupa ukilia, na ndege atalala sawa na trei. Ukiona kazi ni nzito, mwombe muuza bucha akufanyie.

Sasa chumvi. Mpishi Judy Rodgers wa mkahawa wa Zuni Café, San Francisco, alijulikana kwa kuwatia kuku wake chumvi kavu siku moja hadi tatu kabla ya kuwaoka, na Russ Parsons wa gazeti la Los Angeles Times akaihamishia njia hiyo kwa bata mzinga. Kipimo ni kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi laini kwa kila paundi tano, kwa ndege ambaye hakudungwa maji ya chumvi. Mnyunyizie pande zote, zaidi kwenye kidari na mapaja, kisha mrudishe kwenye friji bila kumfunika hadi Alhamisi. Chumvi huvuta maji ya nyama juu, ikayeyuka ndani yake, kisha yakarudi nayo ndani, ndiyo maana nyama hukolea hadi kati na kushika maji yake motoni. Ngozi nayo hukauka, na ngozi kavu ndiyo inayovunjika mdomoni ikishaokwa.

Viungo viwe vyetu. Ponda kitunguu saumu na tangawizi, changanya na siagi laini, pilipili manga, bizari nyembamba na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa. Pitisha vidole polepole kati ya ngozi na kidari mpaka ngozi iachie bila kuchanika, usukumie mchanganyiko humo. Usiupake juu ya ngozi, maana kitunguu saumu kitaungua na kuwa kichungu. Juu paka mafuta kidogo tu.

Motoni

Washa oveni nyuzi 450 za Fahrenheit, ambazo ni 232 za Selsiasi. Kwenye trei pana tandika vitunguu na karoti zilizokatwa vipande vikubwa, mwaga maji kikombe kimoja ili mafuta yanayodondoka yasitoe moshi, weka wavu juu, kisha ndege, ngozi juu. Wa paundi 12 hadi 14 huiva kwa dakika 80 hadi 90. Maji yakikauka ongeza. Ngozi ikianza kuwa nyeusi kabla ya wakati, mfunike kidogo kwa foili.

Anayependa kumleta mezani akiwa mzima amwoke kwa nyuzi 325, yaani 163 za Selsiasi, kwa saa tatu hadi tatu na dakika 45 kwa uzito huohuo. Asimjaze kitu tumboni. Mkate, wali au viazi vikishindiliwa humo hunyonya maji ya nyama mbichi, na kabla havijafikia joto salama kidari kitakuwa kimekauka. Vipikwe kwenye chombo chao.

Saa ni ya kukadiria. Kinachoamua ni kipimajoto cha nyama, kifaa cha dola zisizofika 20. Choma ncha yake penye unene wa kidari, kisha upande wa ndani wa paja, bila kugusa mfupa, kwa kuwa mfupa hupata joto lake mwenyewe na utakudanganya. Kidari kiwe kimefika nyuzi 165, sawa na 74 za Selsiasi, na paja ni bora lifike 175 ili mishipa yake ilainike. Rangi si ushahidi: nyama iliyoiva inaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa, na mbichi ikaonekana nyeupe. Kile kijiti cha plastiki kinachokuja kimechomekwa kifuani nacho kisitegemewe peke yake.

Akitoka, mwache apumzike dakika 20 hadi 30. Ukimkata mara moja, maji yote yatamwagika kwenye ubao. Anza kwa kutenganisha mapaja penye kiungo, kisha mabawa. Kidari kitoe kizima upande mmoja kwa kufuata mfupa wa kati, ukilaze kwenye ubao, ukikate vipande vya kukatiza nyuzi za nyama.

Kuhusu kumkaanga mzima kwenye pipa la mafuta, kama majirani wanavyofanya uani, ushauri wangu ni kuacha. Siku ya Shukrani ndiyo siku yenye mioto mingi ya jikoni kuliko zote nchini humo, na ndege mwenye barafu akitumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka huyafurisha hadi yafikie moto ulio chini. Hakuna ngozi yenye thamani ya nyumba.

Ratiba ya Alhamisi na ya Ijumaa

Tuseme mnakula saa tisa mchana. Saa tano na nusu mtoe ndege kwenye friji na uandae trei. Saa sita washa oveni. Saa sita na nusu anaingia. Saa nane anatoka, na oveni iko huru kwa vingine wakati yeye anapumzika. Saa nane na nusu mnamkata. Pilau, sombe, sukuma wiki, chapati na kachumbari vipangiwe watu wengine. Anayeshughulika na ndege asipewe kazi ya pili.

Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Tenganisha nyama na mifupa, uitie kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili ipoe haraka. Kwenye friji inakaa siku tatu hadi nne, kwenye friza miezi kadhaa. Mifupa, pamoja na uti wa mgongo na shingo ulizohifadhi, ichemshe na kitunguu, tangawizi na pilipili manga nzima kwa saa tatu. Supu hiyo ndiyo iivishe wali wa Ijumaa: kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, tia viungo vya pilau, mchele, supu badala ya maji, na nyama uitie mwishoni ili isikauke. Wengi watakuambia kwamba hicho ndicho chakula walichokuwa wakikingoja.

Ndege wa paundi 14 ni mkubwa mno kwa baba, mama na watoto wawili, na hapo ndipo faida yake ilipo. Mtaani kwenu ipo familia iliyowasili mwezi uliopita na bado haijui basi la kwenda sokoni. Yupo mwanafunzi ambaye bweni lake limefungwa kwa likizo. Yupo ndugu anayeingia zamu ya usiku kwenye ghala au nyumba ya wazee, ambaye anahitaji sahani iliyofungwa vizuri kabla ya saa kumi na moja. Waalikeni wiki mbili kabla, maana idadi yao ndiyo itakayokuambia ununue bata mzinga wa paundi ngapi.